Niliyemnyonyesha Njia ya Kitulo

Kama uko mezani, maliza kwanza kula ndiyo uendelee. Sitaki mtu aje kuniambia nimemharibia chakula. Mimi mwenyewe kuna vitu nilikuwa navipenda ambavyo tangu siku ile sivigusi, mtindi ukiwa wa kwanza, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Halafu tuelewane mapema. Sikuota. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Watu nikianza kuwasimulia wanataka iwe usiku, eti mambo haya ni ya usiku. Hapana. Ilikuwa mchana, ila ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, na aliyekulia nyanda za juu anajua ukungu wa kwetu ukishuka hivyo mchana hauna faida. Nimesoma mpaka kidato cha nne, mambo ya kuaminishwa tu siyapendi. Lakini hili nililishika kwa mikono yangu, na laiti ingekuwa mikono peke yake.

Wakati huo Tusekile, binti yangu, alikuwa na miezi saba. Baba yake yuko Makongolosi anachimba dhahabu, au ndivyo anavyosema kwenye simu. Simzungumzii zaidi ya hapo, hasira niliyonayo inatosha. Mimi na mtoto tulikuwa tunakaa kwa mama yangu, Ilomba. Sasa Tusekile alikuwa mtoto wa titi na titi tu. Ukimpa maziwa ya ng'ombe anatapika mpaka macho yanamtoka. Ya kopo yalimtoa vipele mwili mzima. Uji anautema, tena anakutemea wewe. Kliniki waliniambia nivute subira, niendelee kumnyonyesha, tumbo lake litakomaa polepole. Kwa hiyo maziwa yangu ndiyo yalikuwa uhai wake. Sina namna nyingine ya kulisema. Yakikauka, sijui ningempa nini.

Na nilikuwa nayo, jamani. Jirani yetu alipopasuliwa akakaa wodini, mtoto wake nilimnyonyesha mimi, yeye upande huu, Tusekile upande huu, wanapigana mateke tumboni kwangu. Hakuna aliyeona ni jambo kubwa. Kwetu mtoto akilia njaa na wewe umejaa, unampa kwanza, habari ya ni wa nani inakuja baadaye. Nakueleza haya usije ukafika mbele ukaniita mjinga. Nilifanya ambacho mama yako naye angefanya.

Kilichonipeleka huko ni baiskeli. Nina ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, anaitwa Ambakisye. Yeye ndiye alianzisha kikundi cha kupeleka wageni kwa baiskeli kutoka Mbeya mjini mpaka Kitulo, kule juu kwenye maua, ambako kuna njia ya kutembea kwa miguu kukatiza nyika na msitu. Wageni wengi walikuwa wa Iringa, vijana wa makanisani na walimu walimu, watu wenye miguu. Wengine walikuwa wanaanza kuendesha huko huko Iringa, wanalala njiani, wanafika kwetu wamekauka kama dagaa na bado wanataka mlima.

Shida ilikuwa lami. Kutoka Uyole kupanda mpaka Isyonje, unagombania barabara na malori yanayoenda mpakani, na dereva wa semi akikuona uko kwenye baiskeli anakuona kama kuku. Dada mmoja wa Iringa alisukumwa na upepo wa lori akaingia mtaroni na baiskeli yake. Alitoka na tope mpaka ndani ya pua, akasema ahsanteni sana, Kitulo nitaiona kwenye picha. Ambakisye akasema basi, tutafute njia nyingine, ya nyuma, ya mashambani. Akaniomba mimi niende naye kuikagua kwa sababu najua kupanda, na kwa sababu wageni wanawake walikuwa wanaomba kiongozi mwanamke. Nilikubali haraka. Nilikuwa nimechoka kukaa ndani nanukia maziwa.

Tuliondoka alfajiri. Nilimkamulia Tusekile kikombe, nikamwachia mama, nikamwambia tutarudi kabla ya jioni. Mama akasema tu nivae sweta mbili.

Mwanzo njia ilikuwa tamu, sitasema uongo. Tuliacha lami nyuma ya Uyole tukaingia barabara ya udongo ya magari ya viazi. Mashamba ya viazi kulia na kushoto, halafu pareto, halafu miti ya milingoti, wanawake wanapalilia wanatupungia majembe wanatuuliza tumekosa nauli. Ambakisye alikuwa anasimama kila penye njia panda, anapiga picha, anajaribu kama tope linashika tairi. Hapa wageni watapumzika. Hapa kuna maji. Hapa pabaya, mtu atavunjika meno. Mimi napanda mbele yake namcheka, maana gia zake zilikuwa zinalia kama paka.

Tulipofika chini ya msitu wa mipaini, njia ikagawanyika. Moja ilizunguka chini bondeni, ndefu, ina tope. Nyingine ilipanda moja kwa moja mgongo wa kilima ndani ya mipaini. Mzee mmoja aliyekuwa anachoma mkaa pale alituambia zote zinakutana ng'ambo, penye barabara ya kwenda Kikondo. Ambakisye akasema tugawane, yeye achukue ya bonde, mimi ya juu, tukikutana kila mtu aseme yake ikoje. Tungewezaje kujua ipi bora bila kuzipita zote mbili? Hata leo simlaumu kwa hilo.

Ya juu ilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo inaniuma. Ardhi imejaa majani makavu ya mipaini, laini, tairi haitoi hata sauti. Nilishajiona naleta wageni pale, wanaugulia raha. Halafu ukungu ukaingia. Haukuja kwa kishindo, uliingia tu katikati ya miti, ukafuta mti wa mbali, ukafuta wa karibu, mwisho nikawa naona tairi langu la mbele na hatua chache baada yake. Nikashuka nikaanza kusukuma.

Na hapo matiti yakawa yamejaa. Mama yeyote aliyewahi kuwa mbali na mtoto anajua habari hiyo. Yalikuwa magumu kama mawe, yanachoma mpaka kwapani, na la kushoto lilishaanza kuvuja lenyewe, sweta ya ndani imelowa, imeshapoa. Nikaegemeza baiskeli, nikasimama kando ya mti nikaanza kukamulia kwenye gome. Kwetu hukamui chini kwenye udongo watu wakakanyaga. Unakamulia kwenye mti.

"Dada, mbona unamwaga?"

Niliruka. Karibu na mimi, pale ambapo ningeapa hapakuwa na kitu, palikuwa na magogo ya mipaini yaliyokatwa yakapangwa, na juu yake alikuwa amekaa mwanamke na mtoto mgongoni. Umri wake siwezi kusema. Usoni ni msichana, shingoni ni bibi. Amevaa sketi nzito na koti la kiume, pekupeku. Nilimsalimia kwa Kiswahili akanijibu kwa Kinyakyusa safi, lugha ya kwetu, na nikaona kawaida tu, ingawa kule juu ni kwa Wasafwa na mimi usoni sijaandikwa kabila. Kingine nilichokiona nikakipita: majani ya chini yote yalishalowa ukungu, viatu vyangu vinachuruzika maji, na nyayo zake zilikuwa kavu, zimepauka kama za mtu aliyekaa ndani wiki nzima.

Nikamwambia yamejaa, mwanangu yuko mbali.

"Na mimi wangu yuko karibu," akasema, "ila sina kitu."

Akalifungua koti kidogo kunionyesha. Sikutaka kuona, lakini niliona. Palikuwa pamenyauka, ngozi imejikunja juu ya ngozi kama soksi iliyotupwa, na chuchu zilikuwa na makovu juu ya makovu. Moyo uliniuma. Ndiyo, uliniuma, na nikikumbuka kwamba uliniuma natamani kujipiga kofi.

Mgongoni mtoto akaanza kulia. Kilio chembamba, cha kukwaruza, kimefunikwa na kitenge na blanketi juu yake. Nikamuuliza hajanyonya tangu lini. Akasema tangu jana. Nikamuuliza kama ananyonya vizuri, maana wengine wakishakaa na njaa wanasahau hata kuvuta. Akacheka kidogo.

"Huyu? Huyu hajawahi kukataa titi la mtu."

Nikanyoosha mikono.

Sasa hapa ndipo watu wananiuliza, kwa nini hukumwangalia? Nawajibu kwa sababu nililelewa. Kwetu huku kwenye baridi mtoto anafunikwa mpaka utosini, na mtoto wa mtu usiyemjua humfunui. Ukianza kumfunua funua mama yake ataanza kujiuliza jicho lako likoje. Hata ukisifia, unasifia kofia, husifii mtoto. Yule mwanamke alimshusha mgongoni akiwa amefungwa vile vile, akanipa kama unavyompa mtu mzigo wa kuni, na mimi nikampokea vile vile, nikampitisha ndani ya sweta na blanketi lake, nikamsogeza kifuani. Adabu yangu ndiyo ilimficha.

Alikuwa mzito. Nilifikiri ni kwa sababu mikono yangu imechoka na usukani. Alikuwa mfupi kama wa miezi minne mitano, lakini mzito kama gunia dogo la viazi, na hakuwa laini. Mtoto ukimpakata anajimimina kwenye mkono wako. Huyu alikuwa na pembe pembe. Na harufu, Mungu wangu. Nilisema ni nepi. Nilisema ni umaskini, maji hakuna, mama wa watu kachoka, usimkunjie pua. Ilikuwa harufu ya tambara la kudekia lililosahaulika kwenye ndoo, na ndani yake kitu kingine kikali ambacho nilikijua ila sikukitambua mara moja.

Mdomo ulilipata titi wenyewe. Sikumwelekeza. Na mwanzoni, niamini, nilisikia nafuu. Titi la kushoto lilianza kulegea, maumivu ya kwapani yakashuka, nikafumba macho. Alikuwa anavuta kwa nguvu, anameza kwa sauti, glu, glu, na mimi najisemea maskini, maskini, ona njaa hiyo.

Halafu akaendelea. Mtoto anavuta, anapumzika, anavuta. Huyu hakupumzika. Alivuta kama mtu anayekausha chupa ya soda kwa mrija, na nilianza kusikia kuvutwa mahali ambako maziwa hayakai, nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo. Kichwa kikawa chepesi. Na kitu kilikuwa kinanikwaruza kwenye ngozi ya titi kuzunguka mdomo wake, kama gunia, kama brashi ya viatu. Nikafikiri ni blanketi. Nikajivuta nyuma kidogo, naye akang'ata.

Siyo kung'ata kwa mtoto anayeota meno. Meno ya juu na ya chini, yakakutana.

Wanawake mnajua mtoto aking'ata mnafanya nini. Humvuti, utajichana. Unambana pua, akikosa pumzi anaachia mwenyewe. Nimemfanyia Tusekile mara nyingi mpaka mkono unafanya bila mimi. Nikaingiza vidole chini ya blanketi nitafute pua.

Nikashika pua kubwa. Pua ya mtu mzima, pana, yenye mafuta, ina nywele zinazotokeza, na chini yake masharubu yaliyolowa maziwa yangu.

Nilibaki na vidole vyangu pale kwenye masharubu kama mjinga, na kutoka kwenye kitenge ukatoka mkono, mkono mdogo kwa ukubwa lakini wa kizee, mishipa imesimama, kucha ndefu za njano, vidole viwili vimeiva kahawia, ukaanza kulipapasa titi langu pole pole, tap, tap, vile watoto wanavyofanya wakishiba. Blanketi likateleza. Alikuwa mzee. Kichwa cha mzee, kipara, mikunjo mpaka shingoni, ndevu nyeupe fupi za siku kadhaa, ufizi mweusi wa ugoro. Ndiyo ile harufu kali, ugoro. Akaachia chuchu. Akakohoa, kile kikohozi cha watu waliovuta tangu ujana, kinachotoka chini kabisa na kamasi. Akalamba mdomo. Akaniangalia kwa macho ya mtu anayeagiza chakula hotelini.

"Nihamishie upande wa pili, mama," akasema.

Nilimtupa. Nilimtupa kama unavyotupa nyoka aliyekuangukia, na sijutii, ningemtupa mbali zaidi. Alianguka kwenye majani ya mipaini kwa kishindo cha gogo na akaanza kulia tena kile kilio chembamba cha mtoto, huku ananiangalia.

Na yule mwanamke? Hakukasirika. Ndicho kinachonitia kichefuchefu hata leo ninapoandika. Alishuka kwenye magogo taratibu, akamwokota, akamtoa majani kwenye ndevu moja moja, akamweka begani, akaanza kumpigapiga mgongoni.

"Cheua, baba," anambembeleza. "Cheua."

Akacheua. Akacheua kirefu, na harufu ikanifikia pale nilipokuwa, maziwa yangu, yale yale anayonukia mwanangu shingoni, yamechachuka na kuchanganyika na ugoro.

"Ahsante, dada," yule mwanamke akaniambia, na macho yake yalikuwa na machozi, machozi ya kweli kabisa ya shukrani. "Nilikuwa nimebaki peke yangu."

Sikujua maana ya maneno yale. Sikusubiri kujua. Nilirukia baiskeli kifua wazi, nikashuka kile kilima bila breki ndani ya ukungu ambao sikuona kitu, na kama ningekutana na mti leo usingekuwa unasoma habari hii. Nyuma yangu sikusikia miguu. Nilisikia tu ule mkono ukipiga mgongo, pole pole, kwa muda mrefu kuliko inavyowezekana kwa mwendo niliokuwa nao.

Nilipojifunika na kutokea barabarani, Ambakisye alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jiwe anatafuna mahindi ya kuchoma, tope mpaka magotini. Akaniona nakuja akaanza utani wake.

"Dada, huko juu umelala na beberu?"

Nikamtapikia miguuni. Akaacha utani. Nilipoweza kusema nilimwambia yote, na kwa sababu ni ndugu yangu sikuweza kumwonyesha palipoumia, nikamwonyesha tu sweta ya ndani. Pale palipokuwa na titi palikuwa na duara la maziwa na kuzunguka duara, ute wa kahawia. Alinusa mara moja. Akasema nikae pale na watu wa pikipiki waliokuwa wanasubiri abiria, akapanda juu mwenyewe na jiwe mkononi.

Alirudi anajifuta mikono kwenye suruali. Nikamuuliza umeona nini. Akasema hakuna mtu, kuna magogo tu. Nikamuuliza mbona unajifuta. Baadaye sana ndiyo aliniambia kwamba magogo yale yalikuwa yametemewa mate ya ugoro kila mahali, mengine makavu ya zamani, mengine mabichi, na kwamba yeye alijishikilia pale kupanda kabla hajaona.

Tulirudi kwa lami, malori na yote. Siku hiyo malori niliyapenda.

Nyumbani sikuingia kwa mtoto. Nilimwambia mama anichemshie maji, nikajisugua kwa sabuni ya kufulia, kwa chumvi, kwa ndimu, mpaka ngozi ikawa nyekundu na harufu bado ipo. Mama alisimama mlangoni na Tusekile analia begani kwake. Aliangalia zile alama za meno, nusu duara juu na nusu duara chini, hakuuliza ni mwanaume gani kama nilivyokuwa naogopa. Aliuliza swali moja.

"Ulimfunua?"

Nikasema sikumfunua. Akakaa chini kwenye kizingiti, akaanza kulia kimya kimya. Nikamwambia kama unajua kitu, niambie. Akasema hajui kitu, alisikia tu zamani, kwa wanawake waliokuwa wanaenda kuokota kuni kule juu, kwamba kuna mtoto anazeeka ila hafi, na mama zake ni wengi. Yaani alijua. Alijua akaniambia nivae sweta mbili. Nilimfokea mama yangu siku hiyo maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu, na mengine bado sijayafuta.

Nikampa Tusekile titi la kulia, akanyonya. Nikampa la kushoto. Alilisogelea, akalinusa, akaniangalia usoni kama anayeniuliza huyu ni nani, akageuza shingo na kutapika hata kile alichokunywa kulia. Sikumpa tena. Hata hivyo hapakuwa na cha kumpa, la kushoto lilikuwa limebaki ngozi. Kliniki nesi aliuliza mtoto ana meno mangapi. Nikasema mawili, ya chini. Akaangalia alama za juu, akaniangalia mimi, akanipa dawa ya kupaka, akaita mwingine.

Miezi ile sitaisahau. Titi moja, mtoto mwenye njaa ya mawili. Alikuwa anavuta kulia mpaka panatoka damu, akimaliza analia, na mimi nalia, na mama anapika supu na karanga na kila alichosikia kinaleta maziwa. Mashavu yake yaliisha. Miguu ikawa myembamba. Kila nilipokuwa nampima nilikuwa naona lile domo lenye masharubu, glu, glu, linameza chakula cha mwanangu, na mimi nimefumba macho nasema maskini. Wewe ungesamehe? Mchungaji alikuja kuomba, akasema nisamehe nitapona. Nilimwambia aende akamnyonyeshe yeye.

Ambakisye mwanzoni bado alitaka njia ya juu. Eti ni nzuri, haina tope, tutapita kwa kundi, nani atatugusa. Tuligombana mbele ya kikundi kizima. Nikamwambia akimpitisha mwanamke hata mmoja pale, nitasimama Uyole na kumwambia kila mgeni kwa mdomo wangu huu. Mwisho aliipitisha ya bonde, na mpaka leo wageni wa Iringa wanaimudu hiyo, wanafika Kitulo wamepakwa tope mpaka kwenye nyusi, wanalalamika. Nawaambia tope linaoshwa.

Tusekile alipona. Tumbo lake lilikuja kukubali uji, ukaja ugali, sasa anakimbiza kuku uwanjani na maharage anakula kunizidi. Nimeshamwachisha muda mrefu. Titi la kulia lilikauka lenyewe, kama la mama yeyote.

La kushoto halikukauka.

Siku za jua ni ngozi tupu, huwezi kujua. Lakini kila ukungu unaposhuka kutoka milimani ukafika mpaka huku Ilomba, linajaa. Ninaweza kuwa nafua, ninaweza kuwa nimekaa kanisani katikati ya watu. Linajaa, linakuwa jiwe, linachoma mpaka kwapani, na halafu linaanza kuvutwa. Hakuna mtu. Nguo zangu zimefungwa vifungo vyote. Lakini linavutwa, bila kupumzika, mpaka nyuma karibu na uti wa mgongo, na nikikaa kimya sana nasikia anameza. Likiisha, najikuta na duara la kahawia kwenye sidiria, na harufu ya ugoro. Nimefunga kwa bandeji. Nimepaka pilipili, ile ya kuachishia watoto. Siku hiyo alikohoa kidogo tu, akaendelea. Sasa najua yule mwanamke alikuwa analilia nini, na kwa nini alinishukuru. Alikuwa amebaki peke yake, na sasa tuko wawili.

Kwa hiyo sikiliza, dada unayenyonyesha, uwe Mbeya, uwe Iringa, uwe popote panaposhuka ukungu. Sikukatazi huruma. Watoto wenye njaa wapo, na mama zao wapo, na siku moja unaweza kuwa wewe. Lakini mtu asiyejulikana akikupa mtoto aliyefungwa, mfunue kwanza. Mama yake akinuna, anune. Akikuita una jicho baya, mwache akuite. Mtoto wa kweli akipigwa na baridi atalia tu, utamfunika, yataisha.

Mfunue mpaka kidevuni.